Kompyuta ya Linux imewaka lakini kioo ni cheusi, au mausi haisogei: cha kufanya kabla ya kuita fundi

Nakuomba jambo moja kabla hatujaanza: hifadhi ukurasa huu kwenye simu yako leo, wakati kompyuta yako bado ni nzima. Siku kioo kitakapogoma kuonyesha kitu, simu ndiyo itakuwa chombo pekee ulichobaki nacho mkononi.

Mimi si fundi wa kompyuta, ni mtangazaji. Nilijifunza haya baada ya kubanwa. Usiku mmoja laptopu ninayohariria vipindi ilikuwa inajisasisha, umeme ukakatika, na betri yake ni ile isiyomaliza hata dakika tano. Saa kumi na moja na nusu alfajiri niliiwasha ili nichukue mahojiano ya wakulima kuhusu bei ya mahindi, yaliyopaswa kusikika saa moja asubuhi. Feni ilizunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi. Nilidhani mahojiano yamepotea. Hayakupotea. Kilichokuwa kimekatika ni njia ya kuyaona tu, na kuirudisha kulichukua kama robo saa nilipojua pa kubonyeza.

Hapo ndipo penye somo la leo. Kioo kikiwa cheusi, mara nyingi faili zako ziko salama. Usikubali haraka mtu akikwambia dawa ni kufuta kila kitu na kuweka upya.

Kwa nini tunazungumzia Linux huku Katavi

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland. Kiini chake, kinachoitwa kerneli, ndicho kilichomo pia ndani ya simu za Android. Kwa hiyo ukisoma hapa kwa Android, tayari unatumia Linux.

Kwenye kompyuta, wengi hukutana nayo kwa majina ya Ubuntu na Linux Mint. Ubuntu ilitoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni neno la Kibantu lenye maana ile ile ya utu wetu. Mwaka huo huo, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili. Kwa hiyo mambo haya si mageni kwetu kama yanavyoonekana.

Sababu ya pili ni ya mfukoni. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine za mtumba, zile zinazofanya kazi kwenye stationery zetu na kwenye ofisi za vikundi, zinaweza kuendelea miaka kadhaa zikiwekewa Linux, na leseni hailipiwi. Ila ikigoma, fundi anayeijua vizuri hayupo kila kona. Ukiwa Karema au Inyonga, kuibeba kompyuta hadi Mpanda mjini ni nauli na siku nzima. Na kama kwenye kompyuta hiyo kijana anaombea mkopo wa chuo na dirisha linafungwa kesho, siku moja ni kubwa sana.

Draiva ni nini

Draiva ni programu ndogo inayoifundisha kerneli namna ya kuzungumza na kifaa fulani. Kadi ya picha ina draiva yake, mausi ina yake, kibodi ina yake. Kifaa kikiwa kizima lakini draiva haipo, au ipo isiyo sahihi, ni kama mkalimani kutofika kwenye mkutano: pande zote mbili zipo, lakini hazielewani.

Kwenye Linux, draiva nyingi zinakuja ndani ya kerneli yenyewe. Kadi nyingi za Intel hutumia draiva iitwayo i915, kadi za AMD hutumia amdgpu au radeon kwa za zamani, na kadi za NVIDIA hutumia nouveau isipokuwa umeweka draiva ya kampuni yenyewe. Vifaa vya kuingizia, yaani mausi, kibodi na tachipadi, siku hizi husimamiwa zaidi na libinput. Usizunguke mtandaoni kutafuta faili la draiva la kupakua kama ulivyozoea kwenye Windows. Mara nyingi halihitajiki.

KIOO: anza na vitu vya kushika kwa mkono

1. Ongeza mwanga wa kioo. Kwenye laptopu, shikilia Fn na ubonyeze kitufe chenye alama ya jua. Mwanga uliopungua hadi sifuri unafanana kabisa na kioo kilichokufa.

2. Mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona maandishi hafifu, picha inafika ila taa ya nyuma haiwaki. Kama kitufe cha mwanga hakijasaidia, tatizo linaweza kuwa la kioo chenyewe, na hilo ni la fundi.

3. Kwa kompyuta ya mezani, chomoa waya wa kioo pande zote mbili, uuchomeke tena na kukaza skurubu zake. Jaribu waya mwingine. Waya wa VGA wenye pini iliyopinda unaweza kuonyesha picha, lakini kompyuta ikashindwa kukitambua kioo, ikaishia kutoa picha kubwa ya ukungu ya 1024x768. Watu wengi hulaumu draiva kumbe ni waya.

4. Kama kompyuta ina kadi ya picha ya kuchomeka, waya wa kioo uwe kwenye kadi hiyo, usiwe kwenye tundu la ubao mama.

Je, nembo ya kampuni inaonekana unapowasha?

Swali hili linagawa njia mbili. Kama hata nembo ya kampuni iliyotengeneza kompyuta haitokei, Linux bado haijaanza kazi. Tatizo ni la waya, kioo, memori au ubao, na hakuna amri ya Linux itakayosaidia.

Kama nembo inaonekana kisha kioo kinakuwa cheusi, kioo ni kizima. Hapo ndipo tunapoishuku draiva au mpangilio wake. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na simama pale itakapopona.

Hatua ya 1: Gonga mlango wa nyuma

Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Kwenye baadhi ya laptopu utaongeza Fn. Ukiona maandishi meupe yanayokuomba jina na nywila, kompyuta iko hai, ni sehemu ya picha tu iliyoanguka. Ingia kwa jina lako na nywila. Nywila haitaonekana unapoiandika, wala nyota hazitatokea, na hilo ni la kawaida.

Hapo angalia kwanza kama diski imejaa:

df -h

Tazama mstari unaoishia na alama / peke yake. Ukisoma 100%, kompyuta haina nafasi hata ya kufungua dawati lako. Sisi wa redio tunajaza diski kwa sauti, wewe unaweza kuijaza kwa filamu. Punguza kwa amri hii, kisha ufute mafaili makubwa usiyohitaji:

sudo apt clean

Kama shida yako ni kwamba unaandika nywila sahihi na kompyuta inakurudisha palepale pa kuingilia, angalia pia faili hili:

ls -l ~/.Xauthority

Ukiona neno root badala ya jina lako, liweke pembeni, kisha uwashe upya:

mv ~/.Xauthority ~/.Xauthority.zamani

sudo reboot

Hatua ya 2: Tumia kerneli ya zamani

Hii ndiyo iliyoniokoa alfajiri ile. Ubuntu na Mint huwa zinaacha kerneli ya awali hata baada ya kuweka mpya. Kama tatizo limeanza mara tu baada ya kusasisha, rudi kwenye ile iliyokuwa inafanya kazi.

Zima kompyuta kwa kushikilia kitufe cha kuwashia. Iwashe, na mara nembo inapotokea bonyeza Esc mara moja moja, au shikilia Shift kwa mashine za zamani, mpaka menyu itokee. Ukijikuta kwenye maandishi ya grub> bila menyu, umebonyeza Esc mara nyingi mno: andika normal, bonyeza Enter, kisha Esc mara moja tu. Chagua mstari ulioandikwa Advanced options, kisha kerneli ya pili kwenye orodha, ile isiyo na maneno recovery mode.

Ikiwaka vizuri, jambo la kwanza ni kunakili kazi zako kwenye flashi. Kisha malizia usasishaji uliokatika njiani:

sudo dpkg --configure -a

sudo apt --fix-broken install

Amri ya pili inaweza kuhitaji intaneti. Chomeka simu kwa waya wa USB, kisha kwenye simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Kwa kawaida Linux huitambua simu ya Android bila kuweka chochote. Angalia bando lako kwanza, maana kupakua kerneli nzima kunaweza kula mamia ya MB.

Hatua ya 3: Washa kwa picha ya dharura

Kama kerneli ya zamani nayo imegoma, rudi kwenye menyu ile ile. Weka alama kwenye mstari wa kwanza, lakini usibonyeze Enter. Bonyeza herufi e. Yatatokea maandishi mengi. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi moja na uandike:

nomodeset

Kisha bonyeza Ctrl na X kwa pamoja, au F10. Neno hilo linaiambia kerneli iache draiva ya picha na kutumia njia ya msingi kabisa. Picha inaweza kuwa kubwa na nzito, video zikakwama, lakini utaona. Badiliko hili ni la kuwasha huku mara moja tu, kwa hiyo huwezi kuharibu kitu. Kama kibodi yako ni ya Kifaransa, kumbuka kwamba menyu hii kwa kawaida husoma kibodi ya Kimarekani: herufi m utaipata kwenye kitufe chenye alama ya mkato.

Ukiingia, iulize kompyuta ina kadi gani na inatumia draiva gani:

lspci -k | grep -A 3 -E "VGA|3D"

Tafuta mstari wa Kernel driver in use. Ukiwa umewasha kwa nomodeset mstari huo unaweza kukosekana, lakini jina la kadi litakuwepo.

Kama ni NVIDIA, kwenye Mint fungua Driver Manager, na kwenye Ubuntu andika:

sudo ubuntu-drivers install

Hapa kuna mtego. Kompyuta yenye ulinzi wa Secure Boot inaweza kukuomba utunge nywila wakati wa kuweka draiva, na ukiwasha upya inakuonyesha ukurasa wa bluu. Wengi hubonyeza kuendelea bila kusoma, na draiva inakataliwa. Kwenye ukurasa huo chagua Enroll MOK, kubali, na uandike ile nywila uliyotunga.

Kama ni Intel au AMD, hakuna draiva ya kutafuta. Maliza masasisho yote, kisha washa kawaida.

Hatua ya 4: Faili la zamani linalodanganya

Huku kwetu ni kawaida diski ya laptopu iliyokufa kuhamishiwa kwenye nyingine. Linux huvumilia uhamisho huo vizuri, isipokuwa kama mtu aliwahi kuandika mpangilio wa kioo kwa mkono. Angalia:

ls /etc/X11/xorg.conf

Likiwepo, linaweza kuwa linaitaja kadi ya mashine ya zamani. Siku hizi faili hilo mara nyingi halihitajiki, kwa sababu mfumo hujipanga wenyewe. Usilifute, libadilishe jina tu:

sudo mv /etc/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.conf.zamani

MAUSI NA TACHIPADI

Kwa mausi ya waya, chomoa na ujaribu tundu jingine la kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio. Kisha andika lsusb, chomoa mausi, andika tena. Kama orodha haibadiliki hata kidogo, kompyuta haioni kitu: mausi, waya au tundu ni bovu. Mausi ya mitumba ni nyingi, ijaribu kwenye kompyuta nyingine kabla hujaanza kuandika amri.

Kwa tachipadi, kwanza angalia kama umeizima kwa bahati mbaya. Laptopu nyingi zina kitufe juu, kati ya F1 na F12, chenye picha ya kibao au kidole. Kibonyeze pamoja na Fn. Kisha ingia kwenye mipangilio ya mausi na uone kama imewashwa.

Ikigoma baada ya laptopu kufungwa na kufunguliwa, jaribu kuiamsha draiva yake. Amri hizi zinafaa kwa tachipadi nyingi za laptopu za zamani:

sudo modprobe -r psmouse

sudo modprobe psmouse

Kama mshale unasogea lakini mipangilio unayobadilisha haina athari, mfano unawasha kubofya kwa kugusa na hakubofyi, huenda ipo draiva ya zamani ya synaptics inayoipiku libinput. Iondoe, kisha uwashe upya:

sudo apt remove xserver-xorg-input-synaptics

Kabla hujakubali, soma orodha ya vitakavyoondolewa. Ukiona inataka kuondoa na vitu vingine vingi, bonyeza n na uache.

KIBODI INAANDIKA MENGINE

Unabonyeza u inakuja 4, unabonyeza k inakuja 2. Hiyo si draiva, ni Num Lock ya laptopu ndogo. Bonyeza Num Lock, au Fn pamoja nayo.

Unabonyeza y inakuja z. Kompyuta nyingi za mtumba zinatoka Ulaya, na kibodi ya Kijerumani imebadilishana herufi hizo mbili, wakati ya Kifaransa imebadilishana a na q. Chagua mpangilio unaolingana na vitufe ulivyonavyo kwa amri hii:

sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Hii pia ndiyo sababu nywila sahihi hukataliwa pa kuingilia: unabonyeza herufi unayoiona, kompyuta inapokea nyingine.

Na hili linatuhusu sisi Waswahili moja kwa moja. Ukiandika ng'ombe na inatokea ngómbe, umechagua mpangilio wa Kimarekani wa kimataifa, ambao huishikilia alama ya ritifaa mpaka upate irabu ya kuiwekea. Badilisha uweke Kimarekani wa kawaida. Ipo pia kibodi ya Kiswahili (Tanzania) kwenye orodha.

Mambo matatu ya kuepuka

La kwanza, usinakili amri yoyote yenye sudo bila kujua inafanya nini. Sudo ni kumkabidhi mtu funguo za nyumba yote. La pili, usibadilishe vitu vitatu kwa mpigo. Ikipona hutajua dawa ni ipi, na ikizidi kuharibika hutajua pa kurudi. La tatu, usianze kusasisha wakati umeme unasuasua na betri haishiki chaji.

Ukilazimika kumuita fundi

Mpe taarifa, usimpe kilio. Mwandikie mambo manne: aina ya kompyuta, jina la mfumo na toleo lake, kitu cha mwisho ulichofanya kabla ya tatizo, na mahali hasa inapokwama. Kama unaingia kwa Ctrl, Alt na F3, andika:

journalctl -b -p err

Piga picha ya maandishi yatakayotokea na umtumie. Kwa anayetumia Mint, makosa ya kioo yako pia kwenye faili la /var/log/Xorg.0.log, kwenye mistari yenye alama ya (EE). Picha mbili za simu zinaweza kumfanya fundi aliye Tabora au Dar es Salaam amalize kazi kwa dakika kumi, bila wewe kupanda gari.

Alfajiri ile mahojiano ya wakulima yalisikika saa moja kasoro dakika mbili ya maandalizi, na msikilizaji hakujua kilichotokea. Tangu siku hiyo kila mahojiano nayanakili kwenye flashi kabla sijalala, na kusasisha nafanya mchana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.